Riwaya za Kikristo za Taharuki na Mafumbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasomaji na Waandishi wa Dodoma

Majibu haya yametokana na maswali ambayo nimekuwa nikiulizwa kwa miaka kadhaa na wazazi, walimu wa shule ya Jumapili, makatekista, wanafunzi wa vyuo na vijana wenye miswada mikononi, katika kikundi kidogo cha wasomaji na waandishi kinachokutana Jumamosi mchana hapa mjini Dodoma. Wengi wetu ni Waanglikana na Wakatoliki, na wachache wanatoka makanisa mengine.

Riwaya ya Kikristo ya taharuki na mafumbo ni riwaya ya namna gani?

Ni hadithi ndefu ambamo mtu anakabiliwa na hatari inayomkaribia hatua kwa hatua, anakutana na fumbo ambalo asipolifumbua kwa wakati mtu ataumia au haki itapotea, na katika safari hiyo imani yake kwa Kristo inajaribiwa kweli kweli. Hatari, fumbo na imani lazima vifungamane. Ukiweza kuiondoa imani na hadithi ikaendelea kusimama kama ilivyokuwa, basi ulichosoma ni riwaya ya upelelezi ambayo mhusika wake huenda kanisani. Ukiliondoa fumbo na kisipungue kitu, ulichosoma ni ushuhuda, nao una mahali pake.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni katika majibu yanayofuata. Mwinjilisti mzee wa kijiji fulani wilayani Kongwa anafariki, na ndani ya Biblia yake mjukuu anakuta kikaratasi chenye nambari nne, zilizoandikwa kama nambari za nyimbo zinavyoandikwa kwenye ubao wa kanisa. Baada ya juma moja shamba la kanisa litauzwa kwa hati ambayo mzee alisema maisha yake yote kwamba ni ya kughushi, ingawa hakuwahi kumtaja aliyeighushi.

Je, aina hii ya hadithi si jambo la kuazima kutoka Ulaya?

Jina la aina linaweza kuwa la kuazima, lakini utamu wake tunao tangu zamani. Mtoto aliyekulia palipo na bibi anajua maana ya kutegewa kitendawili, kushindwa, na kulazimika kutoa mji ili apewe jibu. Katika riwaya za Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupatia mpelelezi Bwana Msa katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, ambamo mauaji yanayohusishwa na mzimu yanafumbuliwa kwa akili na uchunguzi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili amekwisha kuzoea kuona hofu ya mambo yasiyoonekana ikipimwa kwa hoja, na mwandishi Mkristo anaanzia hapo.

Padre husema "Fumbo la imani" katika Misa. Je, ni fumbo lile lile la riwaya?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu lugha yetu imeweka katika neno moja mambo mawili ambayo mwandishi wa riwaya hizi anapaswa kuyatenganisha kila siku. Katika Misa, "Fumbo la imani" ni tangazo la jambo ambalo Mungu amelifunua na ambalo hata hivyo halimaliziki. Unaweza kulitafakari miaka hamsini na bado likawa mbele yako. Kitendawili ni kinyume chake, kwa sababu jibu lake likishapatikana, fumbo limekwisha.

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inaonyesha tofauti hiyo kwa namna yake. Pale Paulo anapozungumzia jambo la Mungu lililofichwa kisha likafunuliwa, watafsiri hutumia neno "siri", kama katika 1 Timotheo 3:16 panaposemwa kuwa siri ya utauwa, yaani uchaji wa Mungu, ni kuu. Katika 1 Wakorintho 13:12, ambapo Kigiriki kina neno lenye maana ya kitendawili hasa, tunasoma kwamba kwa wakati wa sasa tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo. Watu wa Union Version walikuwa waangalifu sana hapo, na ninawashukuru.

Kwa hiyo katika kikundi chetu tunasema hivi: fumbo ni kile ambacho binadamu amekificha na binadamu mwingine anaweza kukifichua kwa akili, subira na ujasiri, siri ni kile ambacho kiko kwa Mungu. Riwaya yenye fumbo peke yake ni mchezo mzuri wa akili. Riwaya yenye siri peke yake haina taharuki, maana hakuna cha kukimbilia. Riwaya ninayoitafuta mimi ni ile ambayo fumbo linafumbuliwa kabisa, na kufumbuliwa kwake ndiko kunakomweka mhusika mbele ya siri.

Je, katika Biblia yenyewe kuna mafumbo ya namna hii?

Yapo, na mwandishi anayetaka kujifunza kazi hii ayasome kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake. Malkia wa Sheba alikuja kumjaribu Sulemani kwa maswali ya fumbo (1 Wafalme 10:1). Ukutani mwa jumba la Belshaza yaliandikwa maneno MENE, MENE, TEKELI, NA PERESI, na wenye hekima wote wa Babeli hawakuweza kuyasoma wala kueleza maana yake (Danieli 5). Yeremia anautaja mji wa Sheshaki (25:26 na 51:41), ambao ni Babeli iliyoandikwa kwa msimbo: herufi ya pili ya alfabeti ya Kiebrania inabadilishwa na ya pili kutoka mwisho, ya kumi na mbili inabadilishwa na ya kumi na mbili kutoka mwisho, na konsonanti za Babeli zinageuka kuwa za Sheshaki. Zaburi ya 119 ina mistari 176 kwa sababu herufi 22 za Kiebrania kila moja imepewa mistari minane inayoanza nayo.

Kitendawili cha Samsoni katika Waamuzi 14 kinahitaji kukaliwa zaidi. Samsoni aliwategea wageni wake kitendawili cha chakula kilichotoka kwa mlaji na utamu uliotoka kwa mwenye nguvu, akawapa siku saba za karamu, na dau likawa mavazi thelathini ya kitani na mavazi thelathini ya kubadilisha. Jibu lilikuwa asali ndani ya mzoga wa simba. Lakini nani angeweza kulijua? Simba aliuawa Samsoni akiwa peke yake, na hata baba na mama yake hawakuambiwa. Kilikuwa kitendawili kisichoweza kufumbuliwa kwa haki, na kwa kuwa hakikuweza kufumbuliwa kwa haki kilifumbuliwa kwa vitisho dhidi ya mke wake, na mwisho wake ukawa watu thelathini kuuawa Ashkeloni. Humwambia kila mwandishi kijana kwamba msomaji wake lazima awe amemwona simba. Kama jibu linategemea jambo ambalo halikuonyeshwa mahali popote katika kurasa zilizotangulia, hujamtegea kitendawili, umemfungia mlango.

Wakatoliki wanazo pia sura za 13 na 14 za Danieli, ambazo hazimo katika Biblia za Kiprotestanti. Katika ya kwanza Danieli anamwokoa Suzana kwa kuwahoji wazee wawili waliomsingizia, kila mmoja peke yake, akiwauliza ni chini ya mti gani walimwona akitenda dhambi, nao wanataja miti tofauti. Katika ya pili anamwaga majivu sakafuni mwa hekalu la Beli, sanamu iliyosemekana kula sadaka za chakula, mlango unafungwa na kutiwa muhuri, na asubuhi nyayo za makuhani waliopita kwa mlango wa siri zinaonekana. Mahojiano ya kutenganisha mashahidi na chumba kilichofungwa vilikuwepo karne nyingi kabla ya riwaya ya kwanza ya upelelezi.

Je, kuna ujumbe wa siri uliofichwa katika tarakimu za Biblia, nami naweza kuutumia katika riwaya?

Mhusika anaweza kuamini hivyo na akakosea, na hiyo inaweza kuwa hadithi nzuri. Mwandishi mwenyewe asiamini na asimfundishe msomaji kuamini. Migawanyo ya sura tunayoitumia inatokana na kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa karne ya 13, na nambari za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne katika toleo lake la mwaka 1551. Luka na Yohana hawakuandika nambari yoyote. Anayejenga unabii juu ya "sura ya saba mstari wa saba" anajenga juu ya kazi ya mikono ya mpiga chapa.

Mwaka 1994 jarida moja la takwimu lilichapisha makala iliyodai kwamba katika Kiebrania cha kitabu cha Mwanzo, ukiruka herufi kwa idadi iliyo sawa, utapata majina ya marabi walioishi karne nyingi baadaye. Mwaka 1999 jarida hilo hilo lilichapisha jibu la wataalamu walioonyesha kwamba matokeo ya aina hiyo yalitegemea uhuru mkubwa wa kuchagua namna ya kuandika majina, na kwamba hata riwaya ya Kirusi iliyotafsiriwa kwa Kiebrania inaweza kutoa matokeo kama hayo.

Kuhusu 666 ya Ufunuo 13:18, wataalamu wengi wanaona kuwa ni hesabu ya jina la Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania, na yapo maandiko ya kale yenye 616. Katika miji yetu nambari hiyo imeshawatisha watu vya kutosha kwa habari za kuzushwa, na ninawasihi waandishi wasiongeze hofu hiyo kwa ajili ya kunogesha sura moja.

Je, ni halali kwa Mkristo kusoma au kuandika hadithi zenye mauaji na udanganyifu?

Mauaji ya kwanza yako katika sura ya nne ya Mwanzo, na udanganyifu uko katika ya tatu. Suala ni namna uovu unavyoonyeshwa: kama damu inamiminwa ili msomaji aifurahie, hapo pana tatizo hata kama kila sura inafungwa kwa sala. Riwaya njema ya aina hii humfanya msomaji aone uzito wa mtu mmoja aliyeuawa, kwa sababu taharuki yote inasimama juu ya imani kwamba uhai wake ulikuwa na thamani na kwamba ukweli juu yake unastahili kutafutwa.

Je, shujaa anaweza kupata jibu kwa maombi, ndoto au unabii?

Swali hili huzua ubishi kila mwaka, nami nitalijibu kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloamua kama riwaya ni ya kweli au la.

Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na mhusika aliyetafuta kwa kurasa mia mbili nambari za kufungulia kasha la chuma, kisha akafunga na kuomba usiku kucha, akaota nambari zote sita. Nilipousoma mbele ya kikundi, mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa karibu na dirisha aliniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, kwa nini hukumlaza mapema?" Nilijitetea kwa kumtaja Yusufu na kwa kumtaja Danieli. Akanijibu kwamba Yusufu na Danieli waliambiwa na Mungu, lakini huyu wa kwangu ameambiwa na mimi.

Sijapata jibu bora kuliko hilo. Katika riwaya, sauti inayomjibu mhusika anayeomba ni sauti ya mwandishi, na mwandishi anayeitumia sauti hiyo kujinasua kwenye fumbo alilolifunga vibaya anamtia Mungu maneno kinywani ili kufunika uzembe wake. Hilo ni kosa la sanaa, na mimi naliona pia kuwa kosa la uchaji. Ronald Knox, padre Mwingereza aliyeandika riwaya za upelelezi na baadaye akaitafsiri Biblia kutoka Kilatini, aliorodhesha mwaka 1929 kanuni kumi za aina hii. Ya pili inakataza nguvu zisizo za kawaida kutumika kutatua fumbo, na ya sita inamkataza mpelelezi kusaidiwa na bahati au na hisia ya moyoni isiyoelezeka ambayo baadaye inaonekana kuwa sahihi. Inafaa kukumbuka kwamba aliyeweka kanuni hizo alikuwa mtu wa altare.

Je, maombi yasiwepo? Yawepo, na yafanye kazi ambayo maombi hufanya. Mjukuu wa mwinjilisti wetu akipiga magoti, anaweza kuinuka akiwa na ujasiri wa kumwendea mtu anayemwogopa, au akiwa ametubu chuki iliyomfanya amshuku asiyehusika, au akiwa na utulivu wa kukitazama upya kikaratasi alichokuwa akikitazama kwa hasira. Akikitazama kwa utulivu na kuona kile ambacho kilikuwa pale tangu mwanzo, na ambacho msomaji naye alikuwa na nafasi ya kukiona, hakuna kanuni iliyovunjwa. Muumini atasema Mungu amemsaidia, asiyeamini atasema ametulia, na ukurasa utakuwa mwaminifu kwa wote wawili.

Nitatungaje fumbo la herufi kwa Kiswahili? Misimbo ninayoijua inafanya kazi kwa Kiingereza.

Kiswahili kina tabia zake, na mwandishi asiyezijua atatunga fumbo ambalo mwanafunzi wa darasa la sita atalivunja kabla ya chai. Chukua msimbo rahisi wa kusogeza kila herufi hatua moja, a iwe b, b iwe c, na kuendelea. Sentensi "kisima kipo chini ya mbuyu" itakuwa:

ljtjnb ljqp dijoj zb ncvzv

Sasa itazame kama mpelelezi. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache sana, huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Hivyo herufi za mwisho, yaani b, p, j, b na v, zimekwisha kujitaja kuwa irabu. Neno la herufi mbili, zb, mara nyingi huwa kiunganishi kama ya, wa, la au na, kwa hiyo b huenda ni a. Kisha yapo maneno mawili yanayofuatana na yote yanaanza na lj: huo ni upatanisho wa kisarufi unaochungulia, ki- ya nomino na ki- ya kitenzi chake. Ngeli zetu, ambazo wanafunzi huzilalamikia shuleni, ni rafiki mkubwa wa mvunja misimbo. Na herufi q iliyomo katika ljqp inaonyesha kwamba aliyeandika alitumia herufi 26 za Kiingereza na si 24 zetu, ambazo hazina q wala x. Kwa maneno mengine, tumekwisha kujua kitu juu ya elimu yake.

Ukitaka fumbo ligume kidogo, ondoa nafasi kati ya maneno na uandike kwa mafungu ya herufi tano:

ljtjn bljqp dijoj zbncv zv

Miisho ya maneno imefichika, na mpelelezi atalazimika kuhesabu herufi ipi inajirudia zaidi, akikumbuka kwamba katika Kiswahili a ndiyo kwa kawaida inayotangulia nyingine zote, ingawa sentensi fupi kama hii inaweza kumpotosha: hapa inayojirudia zaidi ni j, yaani i. Usiende mbali zaidi ya hapo. Fumbo la riwaya halitungwi ili lisivunjwe. Linatungwa ili livunjwe na mtu makini katika sura ya kumi na tano.

Naweza kutumia nambari za nyimbo au mistari ya Biblia kama ufunguo?

Ndiyo, na ni njia nzuri sana kwa mazingira yetu, kwa sababu ubao wa nambari za nyimbo unatazamwa na watu mia mbili kila Jumapili bila mtu kuushuku. Lakini kuwa mwangalifu na toleo. Nambari ya wimbo katika Tenzi za Rohoni haifanani na nambari katika Mwimbieni Bwana ya Walutheri. Biblia ya Union Version na Biblia Habari Njema zinatofautiana maneno karibu katika kila mstari; ukisema "neno la saba la mstari wa kumi na mbili", msomaji mwenye toleo jingine atapata upuuzi. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti ina 66, hivyo "kitabu cha 20" kinaweza kuwa vitabu viwili tofauti. Zaburi nazo, kwa sehemu kubwa, katika hesabu ya zamani ya Kilatini ziko nyuma kwa moja: Zaburi ya Bwana ndiye mchungaji wangu, ambayo wengi tunaijua kuwa ya 23, kwa padre mzee aliyesali kwa Kilatini ilikuwa ya 22.

Tofauti hizo ni usumbufu kwa mwandishi mvivu na hazina kwa mwandishi makini. Mjukuu wetu anazipeleka nambari za babu kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisa lake na hapati maana yoyote. Baadaye anakumbuka, kwa sababu ilitajwa katika sura ya pili wakati wa kusoma wasifu msibani, kwamba babu alijifunza kusoma akiwa kijana katika misheni ya kanisa jingine. Simba alikuwa ameonyeshwa.

Kwa nini hadithi hizi ziwekwe Dodoma? Je, hapa pana siri gani?

Watu wanaopita kwa treni ya mwendo kasi huona mji wa ofisi na nchi kame, kisha husema hapa hakuna hadithi. Mimi nasema nchi hii imejaa vitu vilivyoachwa na kusahaulika, na fumbo linahitaji hivyo hasa. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, reli ilifika Dodoma mwaka 1910, dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927. Fikiria ni vitabu vingapi vya ubatizo, ndoa na maziko vilivyokwisha kuandikwa kwa mikono tofauti, kwa wino tofauti, kwa majina yaliyoandikwa kila mmoja alivyoyasikia. Kongwa palikuwa na mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza kuanzia mwaka 1947 hadi ulipovunjika mwaka 1951, na katika miaka ya 1960 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kaskazini, kule Kolo wilayani Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwaka 1973 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu ya nchi, na tangu hapo watu, mafaili na mipaka ya viwanja vimekuwa vikihama.

Nchi yenyewe nayo husaidia. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi mingine makorongo ni mchanga mtupu ambamo kitu kinaweza kuzikwa usiku na kusahaulika mpaka maji yarudi. Hapo mwandishi amepewa saa ya taharuki bila kutafuta bomu: mvua ya kwanza ikinyesha kabla kitu hakijapatikana, kimekwenda. Mibuyu mikubwa huwa na uwazi ndani. Nyumba za tembe za Wagogo, zenye paa bapa la udongo lililobebwa na magogo, zina giza la baridi ambamo bahasha inaweza kukaa miaka arobaini. Mgeni aliyehamia jana hajui hata kuitikia "mbukwa", salamu ya Wagogo, na kutojua huko kunaweza kumfichua mtu anayejidai kuwa mzaliwa.

Uchawi na mizimu vishughulikiweje?

Kwa heshima kwa wanaoogopa na kwa ukali kwa wanaonufaika na hofu hiyo. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa kuni, na watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao. Mwandishi Mkristo anayemfanya bibi kizee kuwa mchawi wa kweli ili kupata sura ya kusisimua anaongeza kuni katika moto huo. Napendelea riwaya ambamo tuhuma za uchawi ni pazia, na nyuma ya pazia kuna mtu anayetaka shamba.

Je, padre au mchungaji anaweza kuwa mtuhumiwa, au hata mhalifu?

Anaweza. Yuda alikuwa miongoni mwa kumi na wawili, na riwaya inayowasafisha viongozi wote wa dini haitaaminika na waumini wenyewe. Jambo moja lazima liandikwe kwa usahihi: siri ya kitubio. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema siri hiyo haivunjwi kamwe, wala kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote. Padre wa riwaya aliyemsikia muuaji akiungama hawezi kumnong'oneza polisi, hawezi kutoa ishara. Nimeona miswada mitatu iliyoharibika hapo. Ukiliheshimu sharti hilo, taharuki itakua yenyewe, kwa sababu msomaji atajua kwamba mtu mmoja kijijini anajua ukweli wote na atakwenda nao kaburini.

Zinafaa kwa watoto wa umri gani?

Mafumbo ya herufi na nambari yanawafaa hata wa darasa la tano. Riwaya zenye mauaji nawashauri wazazi wasubiri mpaka sekondari, na wazisome wao kwanza.

Nikimaliza muswada, taratibu za haki na uchapishaji zikoje?

Ukinukuu sehemu ndefu za Biblia, omba ruhusa. Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake hapa hapa Dodoma, na ndiko pa kuanzia kuuliza. Nambari ya ISBN, yaani ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo inayosimamia usajili. Kabla ya hayo yote mpe muswada mtu mmoja asiyekupenda sana, na umwombe akuandikie ni ukurasa wa ngapi alipolijua jibu.

Je, lazima kila fumbo lijibiwe mwishoni?

Kila fumbo lililoandikwa na mkono wa binadamu lijibiwe, tena kikamilifu. Msomaji aliyehesabu herufi pamoja nawe usiku kucha ana haki ya kujua. Kisichojibiwa ni kile ambacho hakikuwa fumbo, nawe lazima umwonyeshe msomaji tofauti hiyo waziwazi ili asidhani umesahau.

Katika mfano wetu, nambari tatu kati ya nne zinamfikisha mjukuu kwenye hati halali, iliyofungwa kwa ngozi ya mbuzi juu ya gogo la paa la tembe ya babu, siku mbili kabla ya mauzo. Aliyeghushi anajulikana: ni mtu ambaye babu alikaa naye benchi moja kanisani kwa miaka thelathini, na ambaye babu ndiye aliyemzikia mke. Nambari ya nne haifungui chochote. Mjukuu anaijaribu kwa kila kitabu na kila msimbo, mpaka anapoacha kuijaribu na kuusoma wimbo wenyewe, nao ni wimbo wa msamaha. Jumapili inayofuata anawahi kanisani kabla ringi ya gari iliyotundikwa mtini haijagongwa, anapanga nambari za ibada ubaoni, na hiyo anaiweka ya mwisho. Yule mtu anaingia, anavua kofia, anatazama ubao.